Mhariri, ile pikipiki ya Tanga siyo BMW wala siyo ya mwaka 1914

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wote mnaoandaa gazeti letu. Naomba nafasi, najua barua ndefu mnazikata ila hii naomba msiikate sana maana inahusu ile picha yenu ya Jumapili, ya pikipiki kuukuu iliyoegeshwa kwenye ua wa nyumba moja hapa Tanga, chini yake mkaandika kwamba ni BMW ya Mjerumani iliyotumika kwenye vita vya Tanga vya mwaka 1914. Mimi ni fundi pikipiki, sasa hivi nimestaafu, nimeshika spana toka enzi zile Honda 50 ndo usafiri wa mwalimu mkuu na bwana afya, na toka Jumapili kila nikikaa kijiweni naulizwa eti fundi, ni kweli ile ni ya Mjerumani? Siyo. Na sibishi ili mradi kubisha, ushahidi wote uko kwenye hiyo hiyo picha yenu.

Tuanze na hiyo BMW maana ndo nyepesi. Mapigano ya Tanga yalikuwa tarehe 3 mpaka 5 Novemba 1914, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na askari wake wakawarudisha melini wanajeshi wa Uingereza waliokuja kutoka India, hiyo habari watu wa hapa tumekua nayo. Sasa BMW imeanzishwa 1916, na ilianza na injini za ndege, pikipiki yao ya kwanza kabisa inaitwa R32 na imetoka 1923. Yaani wakati risasi zinalia hapa mjini hiyo kampuni yenyewe ilikuwa bado haipo. Halafu kuna jambo ambalo fundi yeyote mtu mzima angewaambia kama mngemuuliza kabla ya kuchapa, BMW toka hiyo ya 1923 hawakutumia cheni, nguvu inaenda kwenye tairi la nyuma kwa shafti kama gari, zile za silinda mbili zilizolala huku na huku zina shafti, na zile za silinda moja nazo zina shafti, wakaenda hivyo hivyo mpaka 1993 walipotoa F650 ndo wakaweka cheni. Kwenye picha yenu cheni inaonekana waziwazi, imekufa kwa kutu na inaning'inia. Hicho kibandiko cha BMW kwenye tenki kimewekwa na mtu tu, vinauzwa hata stendi, mimi nimeshaona Toyo ina kibandiko cha Ferrari na hakuna aliyeandika gazetini kwamba Ferrari wanatengeneza bodaboda.

Na hapo ndo penye ugonjwa. Watu wakiona pikipiki ya zamani wanakimbilia kusoma tenki. Tenki ni kitu cha mwisho kuamini! Tenki linatoboka, linabadilishwa, linapakwa rangi, linatolewa kwenye pikipiki hii linawekwa kwenye ile, na fundi akikosa la aina yake anachonga vishikio anaweka la Honda maisha yanaendelea. Kinachosema ukweli ni injini na fremu, na namna vitu vilivyokaa.

Nije kwenye mwaka sasa. Pikipiki ya 1914 ukiiona huwezi kuichanganya na hii. Enzi hizo ilikuwa baiskeli nzito yenye injini, tenki lake ni boksi jembamba limechomekwa katikati ya bomba mbili za fremu, bomba moja linapita juu ya tenki na lingine chini yake. Nyingi zilikuwa zinavuta tairi kwa mkanda wala siyo cheni. Chukua Triumph Model H ya Waingereza iliyotoka 1915, hiyo ilikuwa ya kisasa kabisa kwa wakati wake, cc 550, gia tatu za kubadilisha kwa mkono, na bado tairi la nyuma linavutwa na mkanda. Mafuta ya injini dereva mwenyewe anayapiga kwa pampu ya mkono akiwa barabarani. Taa ni ya kabaidi, maji yanadondokea kwenye kabaidi inatoa gesi, unaiwasha na kiberiti. Pikipiki kwenye vita ile zilikuwepo kweli, kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini kilikuja na jeshi la Waingereza 1916 kikapita huko Kilimanjaro mpaka Kondoa, na Wajerumani nao kwao walikuwa na NSU na Wanderer zinatengenezwa muda mrefu. Ila siyo hii ya kwenye picha.

Hii ya kwenye picha tenki lake limekalia fremu kwa juu, limeifunika, kama tandiko lilivyomkalia punda. Mtindo huo umeenea mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa hiyo hapo tu tumeshatoka kwenye vita ya kwanza, tumevuka miaka zaidi ya kumi. Endelea kuangalia. Pedali ya gia iko chini mguu wa kulia, haina mkono wa gia pembeni ya tenki, na gia za mguu zimekuja kuwa kitu cha kawaida ndani ya miaka ya 1930. Mbele haina shokapu za bomba kama hizi za leo, ina fremu ya vyuma vya pembetatu na springi moja nene imekaa katikati mbele ya hendeli. Nyuma haina shokapu kabisa, ekseli imefungwa kwenye fremu moja kwa moja, kinachomsaidia dereva ni springi mbili chini ya siti. Shokapu za mbele za bomba zenye oili BMW walizitoa 1935, Waingereza wakaja nazo kwenye Matchless G3/L ya jeshi mwaka 1941, wengine wengi wakasubiri vita viishe. Kwa hiyo gia ya mguu inaibana kwa chini na springi ya mbele inaibana kwa juu, hii imetoka kiwandani kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1940 hivi. Hapo bado hatujagusa injini wala kusoma namba hata moja.

Injini sasa. Silinda moja, kubwa, imesimama wima. Kichwa cha silinda ni bapa, mapezi tu juu na plagi, hakuna boksi la roka juu yake na hakuna mabomba ya fimbo za kusukuma valvu yanayopanda ubavuni. Maana yake valvu zimekaa pembeni ya silinda, upande wa kulia, ndani ya kale kaboksi kenye kifuniko. Injini ya namna hii haina mbio ila ni ngumu kufa, unaifungua kwa spana tatu nne na mafuta mabaya inakula. Nyuma ya silinda kuna magneto, kile kifaa cha kutoa moto wa plagi, imebeba dainamo mgongoni, ile wanaiita Magdyno ya Lucas. Lucas ni kampuni ya Mwingereza ya vifaa vya umeme. Mjerumani angekuwa na Bosch au Noris.

Nikiviweka vyote pamoja, umbo la kifuniko cha gia za taimingi upande wa kulia, tenki la oili lilivyokaa, springi ya mbele, mimi nasema hiyo ni BSA M20. Kuna mtu atasema ni Norton 16H, na namkubalia kwamba zinafanana, zote ni cc karibu 500, zote valvu za pembeni, zote zilikuwa za jeshi, ukiziona mbali zimepakwa rangi moja unaweza kupotea. Ila kuzitenganisha siyo kazi. Norton walikuwa na tabia nzuri ya kugonga kipimo cha pistoni kwenye injini yenyewe, utakuta 79 x 100 karibu na namba ya injini, yaani upana milimita 79 na mwendo wa pistoni milimita 100. Ukiona hiyo, ni Norton na mimi nitanyamaza. BSA M20 ni 82 kwa 94. Na kama namba zimefutika kabisa unafungua kichwa unapima mwenyewe, nusu ya upana mara nusu ya upana mara 3.14 mara mwendo wa pistoni, kwa M20 utapata cc 496, kwa Norton utapata 490. Ukipata 591 basi umeangukia kaka yake, BSA M21, ile ambayo Uingereza chama cha wenye magari cha AA walikuwa wanaifunga kigari cha pembeni chenye vifaa wanazunguka nayo barabarani kuwasaidia walioharibikiwa.

Niwaeleze kidogo hiyo BSA maana vijana wengi hawaijui. Herufi hizo ni Birmingham Small Arms, walikuwa mafundi bunduki wa mji wa Birmingham waliungana mwaka 1861, ndo maana nembo yao ni bunduki tatu zimeegemezwa pamoja. Pikipiki yao ya kwanza wameitoa 1910. Kiwanda kilikuwa sehemu inaitwa Small Heath, na usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zikakipiga mabomu wakafa wafanyakazi 53. Sasa fikiria mhariri, pikipiki ambayo kiwanda chake kilipigwa na Mjerumani ndo mmeiandika ya Mjerumani. M20 imeanza 1937 na imeendelea mpaka 1955, na wakati wa vita ya pili wametengeneza zaidi ya 120,000 kwa ajili ya jeshi, za kupelekea barua na amri, kuongoza misafara ya malori, polisi wa jeshi nao wakazitumia. Nguvu yake ni farasi 13 tu na uzito zaidi ya kilo 160, bodaboda ya leo ya cc 150 ingeiacha kwenye lami bila shida. Lakini kwenye mchanga na tope na mzigo, hapo nisingependa kubishana na mwenye M20.

Vita vilipoisha jeshi likabaki na mali nyingi kuliko watu wa kuitumia, zikauzwa kwa bei ya kutupa kila mahali Mwingereza alipokuwa. Huku kwetu mali ya jeshi haikuwa ngeni, ule mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947 ulikuwa umejaa vyuma vya jeshi, hadi vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Kwa hiyo pikipiki ya jeshi la Mwingereza kukutwa kwenye ua hapa Tanga haihitaji hadithi ya Lettow-Vorbeck hata kidogo.

Ila kama ilikuwa ya jeshi au iliuzwa dukani kwa raia baada ya vita, hilo picha haiwezi kusema, namba ndo zitasema. Na hapa naomba mzee mwenye ile pikipiki anisikilize vizuri, na wengine wenye vyuma kama hivyo. Upande wa kushoto wa injini, pale chini silinda inapokaa kwenye kasha la injini, kuna sehemu bapa ndogo imegongwa herufi na namba. Kama inaanza na WM20 hiyo ni ya jeshi, ya wakati wa vita. XM20, YM20 na ZM20 ni za baada ya vita, zimefuatana kwa mpangilio huo. Na mwishoni mwa miaka ya 1940 ndo BSA wakaanza kuiwekea M20 shokapu za bomba mbele, kwa hiyo ukikuta ZM20 halafu mbele kuna ile springi ya zamani huenda mtu alichanganya vitu njiani, ama injini siyo yake ama mbele siyo kwake. Unaona? Namba peke yake haitoshi na umbo peke yake halitoshi, unavisomesha viwili pamoja vikigombana unauliza kwa nini.

Fremu nayo ina namba yake, tafuta pale mbele shingo ya hendeli inapoingilia au kwenye masikio yanayoshika injini. Na hapa kuna kitu kinawachanganya sana watu hadi wanaitana wezi. Wanakuta namba ya injini na namba ya chesisi hazifanani wanasema hii imeungwaungwa. BSA za enzi hizo namba mbili hizo hazikuwa zinafanana hata zikitoka kiwandani, injini na fremu zilikuwa zinagongwa kila moja kwa mstari wake. Kwa hiyo kutofanana siyo dalili ya kitu kibaya. Harley-Davidson nao mpaka 1969 walikuwa wanagonga namba kwenye injini tu, fremu haina, na zile WLA zao za jeshi namba inaanza na 42 hata kama imetengenezwa 1944, wewe ukiona 42 ukasema ni ya mwaka 1942 umeshakosea.

Jinsi ya kusafisha hizo namba: mafuta ya taa, kitambaa, brashi laini ya shaba, na subira. Loweka lala, asubuhi futa. Ukishaona kitu weka karatasi nyembamba juu yake usugue na penseli, herufi zitatoka zenyewe kwenye karatasi, au paka chaki kisha ufute kwa juu itabaki ndani ya mitaro. Usipige msasa, na tafadhali tafadhali usipige grinda. Nimeshaona mtu anachukua grinda "kutoa kutu" akatoa na namba, pikipiki ikabaki haina jina. Mtu wa nchi yoyote anayejua vitu hivi akiona sehemu ya namba imepigwa grinda atajua moja tu, kwamba imeibiwa. Triumph walipoona huo mchezo mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kugonga namba juu ya nembo yao ndogo ndogo zilizojaa sehemu yote, ukikwangua nembo zinapotea unakamatwa papo hapo.

Kwa vile nimewataja Triumph, hao na BSA kuanzia msimu wa 1969 wana ujanja wao mzuri, herufi mbili za mwanzo za namba zinasema mwezi na mwaka. Herufi ya kwanza ni mwezi, A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, halafu wanaruka G ni Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni mwaka kwa mpangilio huo huo ukianzia C ambayo ni 1969, D 1970, E 1971, G 1972, na kuendelea. Ila angalieni, huo mwaka ni msimu wa mauzo na msimu unaanza Agosti. Kwa hiyo JD ni Agosti ya msimu wa 1970, maana yake imeunganishwa Agosti 1969. Wenye Triumph Bonneville mtaani kwenu huko mkaangalie.

Turudi kwa mzee wetu. Kitu kingine asikimbilie kupaka rangi mpya. Pikipiki za jeshi la Uingereza zilikuwa zinaandikwa namba kwenye tenki kwa rangi, inaanza na herufi C halafu tarakimu nyingi, na mara nyingi iko bado hapo chini ya rangi za baadaye. Unakwangua taratibu sana kwa maji na msasa ule laini kabisa wa kupigia bodi, tabaka kwa tabaka, utakuta nyekundu, nyeusi, labda kijani, halafu ya jeshi, na ukibahatika ile C inatokea. Tenki nimesema tusiliamini, ndiyo, ila likiwa na namba ya C na injini ina WM20 hapo vinasaidiana.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyosema nchi hata kabla hujasoma namba. Spana ndo shahidi wa kwanza. Chukua spana zako za milimita, namba 10, 12, 13, 14, jaribu kwenye nati za pikipiki ya Kiingereza ya zamani, hazikai, hii inapwaya hii haiingii, kwa sababu wao walikuwa na vipimo vyao vya inchi, Whitworth na vile vya baiskeli vyenye nyuzi 26 kwa inchi. Ya Mjerumani au ya Mjapani spana ya milimita inakaa vizuri. Ila angalieni nati za ndani ya injini, hizi za nje za matope zilishabadilishwa siku nyingi. Kabureta vilevile: Amal ni Mwingereza, Bing Mjerumani, Dell'Orto Mtaliano, Keihin na Mikuni Mjapani. Amal yenye bakuli la mafuta limejitenga pembeni ni ya kabla ya 1955, ile iliyounganishwa kitu kimoja imekuja mwaka huo, na ile yenye bakuli chini katikati imekuja 1967. Spidomita ya Smiths inayosoma maili ni ya Mwingereza, VDO ya kilomita ni ya Mjerumani. Vifaa vya Lucas vingi vimegongwa mwezi na mwaka vilipotengenezwa, vitarakimu vidogo tu, mtu hapiti kuviangalia. Lakini kifaa kinasema umri wa kifaa. Dainamo ya 1952 kwenye pikipiki ya 1943 maana yake ile ya kwanza iliungua, basi.

Sasa kuna msomaji najua ataandika kunijibu kwamba marehemu babu yake alikuwa na BSA na alimwambia kwa mdomo wake ni ya Kijerumani. Inawezekana babu alikuwa sahihi! Kama ilikuwa ile ndogo, BSA Bantam. DKW ya Zschopau kule Ujerumani walitengeneza pikipiki ndogo RT 125 kabla tu ya vita, tuu-stroku, nyepesi, ilikuwa imefikiriwa vizuri kupita zote, na vita vilipoisha michoro yake ikachukuliwa na washindi kama fidia ya vita. Warusi wakatoa Moskva, Harley-Davidson wakatoa yao, BSA 1948 wakatoa Bantam, na Yamaha nao pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, imeifuata hiyo hiyo DKW. Vipimo ni vile vile, 52 kwa 58, cc 123. BSA wao waliigeuza kama mtu anajiangalia kwenye kioo, maana Mjerumani aliweka gia na kiki kushoto na Mwingereza alizoea kulia. Kwa hiyo Bantam ni ya Birmingham kwa cheti na ya Zschopau kwa damu. M20 haina damu hiyo hata tone.

Kinyume chake kipo pia, na hiki kinaliza watu pesa. Warusi waliiga BMW R71 wakatengeneza M72, baadaye ndo zikaja Ural, na Wachina nao wakatoa Chang Jiang ya ukoo huo. Zina silinda mbili zimelala na shafti, ukipaka rangi ya jeshi ukaweka nembo ya BMW na kigari cha pembeni mtu asiyejua anauziwa kama BMW ya vita. Kwenye hizo hata shafti haikusaidii, ni namba na maandishi ya kwenye vyuma vilivyosubuliwa ndo vinazifichua. Royal Enfield Bullet vilevile, Redditch Uingereza walifunga 1967 lakini Madras India walikuwa wameshaanza toka 1955 na wanaendelea mpaka leo, kwa hiyo mtu akikwambia Enfield yake ni ya Muingereza muulize kwanza ya wapi.

Na wenye pikipiki za juzi juzi msijione mko salama. Honda za zamani ni rahisi, namba ya fremu inaanza na jina la pikipiki yenyewe, C70, CG125, na kwenye injini wanaongeza E, inakuwa C70E, CG125E, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha. Hizi mpya zina namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17, ikianza na J imetengenezwa Japani, L ni China, M ikifuatiwa na A mpaka E ni India, kama MD2 hiyo ni Bajaj. Kaangalie ya kwako kwenye kadi sasa hivi, wako watu walinunua "Mjapani" watakuta L imekaa hapo inawaangalia.

Sababu ya kuandika yote haya mhariri siyo kuwasahihisha tu. Toka picha itoke nasikia kuna wanunuzi wa vyuma chakavu wameshafika kwa yule mzee, na kuna mwingine kamwambia kwa vile ni BMW ya 1914 ampe aipeleke Dar akamtafutie Mzungu wa kuinunua kwa mamilioni. Wote wawili wanamuumiza. Wa chakavu atampimia kwa kilo. Huyu wa pili, Mzungu akija akaona cheni atageuza hapo hapo, na mzee ataambiwa tapeli wakati yeye hakuandika kitu, mliandika nyinyi. BSA M20 ya jeshi yenye injini yake na namba zinazosomeka ina watu wake wanaoitafuta na vipuri vyake bado vinatengenezwa, haihitaji uongo ili iwe na thamani.

Kwa hiyo ninachoomba ni mambo mawili. Mwandishi wenu arudi pale na mafuta ya taa na kitambaa, apige picha upande wa kushoto wa injini chini ya silinda na picha ya shingo ya fremu, mzichape gazetini zinavyoonekana bila maelezo ya kubuni. Kule Uingereza kuna chama cha pikipiki kongwe, Vintage Motor Cycle Club, kipo toka 1946, na kina vitabu vya BSA vinavyoonyesha namba fulani ilitoka kiwandani tarehe ngapi na ilipelekwa kwa nani, mkiwaandikia mkiwa na namba kamili ya injini na ya fremu kuna uwezekano mzuri wa kupata jibu. La pili mzee aambiwe asiuze hata nati mpaka hilo jibu lirudi, na kile kibandiko akitoe kwa maji ya moto, asikikwangue kwa kisu maana ile C inaweza kuwa iko chini yake.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi mstaafu, Ngamiani, Tanga